Mwaka mzima na bado hasikii maneno

SWALI: Daktari, binti yangu yuko Uingereza. Ana NF2, ugonjwa wa uvimbe kwenye neva za kusikia, kulia na kushoto. Alipotolewa uvimbe wa pili aliwekewa kifaa kwenye shina la ubongo. Mwaka umetimia. Hodi anaisikia, mbwa akibweka anasikia, lakini nikimpigia simu anasema sauti yangu ni mvumo tu. Dada yangu anashikilia kuwa alidanganywa. Je, kusikia kwake kutaongezeka, au ndiyo basi?
Mama S., Likoni, Mombasa

JIBU: Mama S., pole kwa mwaka huu mgumu. Binti yako hakudanganywa. Hodi na mbwa ndivyo vitu ambavyo wengi wenye NF2 hupata kwa kifaa hiki, na mwaka mmoja bado ni mapema.

Nadhani dada yako amesikia habari za kipandikizi cha koklea (sehemu ya sikio la ndani inayopokea sauti), kile ambacho watoto huwekewa wakaja kuongea vizuri. Hicho hukaa ndani ya sikio na hutegemea neva ya kusikia isiyoharibika. Ya binti yako imeharibiwa na uvimbe, kwa hiyo kibao chenye elektrodi, yaani vidoti vya kupitisha umeme, kimewekwa kwenye ubongo wenyewe, pale sauti inapopokelewa kwanza. Ndani ya koklea sauti nyembamba na nene zimejipanga kwa safu, kama vibonyezo vya kinanda. Kule kwenye ubongo safu hiyo inazama chini, na kibao kinagusa juu tu. Isitoshe, elektrodi nyingine zikiwashwa huleta kizunguzungu au ganzi badala ya sauti, nazo huzimwa.

Mtu wa kwanza aliwekewa kifaa cha namna hii Los Angeles mwaka 1979, mwanamke mwenye ugonjwa huuhuu, na alikitumia kwa zaidi ya miaka 20. Tangu hapo wagonjwa wamefuatiliwa, na wengi wanaovaa kila siku sehemu yake ya nje, ile inayonasa sauti, huendelea kupiga hatua kwa miaka. Lakini wanaofika kuelewa maneno bila kutazama midomo ni wachache. Nakuomba sana usimpime binti yako kwa simu. Anashindwa, analia, nawe unalia.

Mpigie kwa video, uso wako ukielekea dirishani, mtandio usizibe mdomo. Jitazame kwenye kioo ukisema "baba", kisha "mama": midomo ni ileile. Kifaa humpa mapigo ya maneno, urefu wake na mahali yanapokatika, na akiyaunganisha na midomo yako ataelewa zaidi kuliko kwa macho peke yake. Mwambie kwanza mnazungumzia nini, na jina la mtu mwandikie.

Yeye naye akivae kutwa nzima, hata siku zinazomchosha. Asikose miadi ya kurekebishiwa kifaa, na aeleze kila elektrodi inamletea nini. Mtaalamu hawezi kukisia. Sauti alizokwisha kuzizoea zikififia ghafla, au kichwa kikianza kuuma kuliko kawaida, asingoje miadi, aende hospitalini mara moja. Na kabla ya picha ya MRI awaeleze kuhusu kifaa, kwani huenda kina sumaku, na mashine hiyo hutumia sumaku kali.