Jibu: Kile kituo kidogo cha TV Kigoma kilianza mwaka gani?

Salama mkuu. Umekwama kwenye mwaka: kila mzee anakutajia wake, na kituo kilishafungwa. Nilipita humo humo nikifuatilia kimoja cha hapa Tabora.

Kwanza acha kuuliza "kilianza lini". Uliza walitazama wapi msiba wa Mwalimu Nyerere, Oktoba 1999. Hapo watu wanakumbuka mpaka sebule ya nani. Wakisema walitazama kwenye kituo hicho, rudi nyuma kwa Kombe la Dunia la 1998.

Kisha angalia mapaa. Antena kuukuu moja niliipima kwa futi ya fundi cherehani: vijiti vya sentimita 75 hivi, yaani ya VHF, masafa ya chini ya TV. Vya UHF, masafa ya juu, huwa vifupi, kama 25. Zote mtaani zilielekea upande mmoja, nikazifuata hadi penye mlingoti. Ila Kigoma ina vilima, na mtambo mdogo hauvuki kilima. Wa bondeni akisema hakukiona, usimhesabu kuwa anakanusha.

Leseni za kabla ya 2003 zilikuwa za Tume ya Utangazaji, kazi yake ikaenda TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Ukiwaandikia TCRA barua, taja jina hilo la zamani.

Ukipata kanda za video za zamani (VHS), usiziamini kwa lebo. Yangu iliandikwa "Habari", ndani harusi.