Usiyapeleke mahindi Namanga kabla hayajapimwa

Mdogo wangu, umeuliza kama uyapeleke Kenya magunia yako 80 au usubiri wanasiasa wamalize kurushiana maneno. Nimekuelewa, jasho lako liko ghalani.

Kumbuka Machi 2021. Tarehe 5 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu kwenye nafaka. Wengi walisema ni siasa tupu, malori yakakwama mpakani Namanga. Siku tano baadaye mlango ulifunguliwa, ila kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, na mzigo uwe na cheti kuonyesha aflatoksini, aina ya sumukuvu, haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Mei hiyo Rais Samia alikwenda Nairobi, na mahindi yakazungumzwa. Wakubwa walielewana. Lakini sumukuvu haipatani na mtu, inaharibu ini, hata la mwanao anayekula uji wa mahindi hayohayo.

Kwa hiyo anza na punje. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, tia mahindi na chumvi kavu, tikisa, uache itulie. Chumvi ikigandia kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu; anika tena, juu ya turubai, siyo chini. Unyevu usizidi asilimia 13.5. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta.

Kisha pima maabara, chukua kibali cha kusafirisha na cheti cha afya ya mimea. Dalali akikuambia "tutamalizana mpakani", mkatalie. Gari likilala pale, gharama ni zako.