Vijinzi vya ndizi maabara vya nini?

Swali: Shikamoo dokta, mdogo wangu yuko chuo hapa Dar, anasema maabara wanafuga vijinzi vya ndizi mbivu, vya nini jamani? (Msomaji, Mbagala)

Jibu: Marahaba mwanangu. Hao hao wanaozunguka ndizi pale Mabibo sokoni ni hazina ya kujifunzia jinsi sifa zinavyorithiwa toka mzazi hadi mtoto, maana kwenye nyuzi joto 25 yai linakuwa nzi mzima kwa siku kama 10 tu, kwahiyo ndani ya muhula mmoja unaona mpaka vitukuu. Mwaka 1910 mwanasayansi Thomas Hunt Morgan kule New York alimpata dume wa macho meupe badala ya mekundu, akampandisha na majike ya macho mekundu, wajukuu waliotoka na macho meupe wote madume! Hapo ndo ikaonekana jeni (kipande cha urithi) ya rangi ya macho iko kwenye kromosomu ya jinsia, yaani ule uzi wa urithi ndani ya seli unaohusika na kuwa dume au jike, mpaka leo inanisisimua. Mdogo wako akishawalaza kwa baridi awageuze kwa brashi laini, mabawa yanachanika haraka.