Naishi kama mwanamke, daktari kanipa njia mbili

SWALI: Shekhe asalaam aleykum. Mi mzaliwa wa Ujiji, sasa hivi niko Canada. Nilizaliwa mvulana ila huu mwaka wa tano naishi kama mwanamke, kazini, nyumbani, kila mahali. Daktari kanipa njia mbili, kutoa korodani tu au kutengenezewa uke kabisa. Dini inasemaje? Swala nimeacha maana sijui nisimame safu gani. Na mama hapokei simu zangu, naomba umuone.

JIBU: Waaleykum salaam mwanangu. Nakuita mwanangu na Kiswahili hapo kimetusitiri wote wawili.

Swala umeiweka mwisho lakini ndo iliyonishtua. Safu ni habari ya msikitini, wewe uko chumbani kwako, tandika mswala leo hii Magharibi. Hata huntha asiyejulikana ni mume au mke, vitabu vyetu vya Kishafi havikumfukuza, vimempa safu yake, nyuma ya wanaume mbele ya wanawake. Sasa wewe nani kakwambia swala haikulazimu tena?

Upasuaji sasa. Aliyeumbwa na viungo vya pande mbili au visivyoeleweka, kumtibu hakuna ugomvi, na baraza la fiqhi la Makka, wanazuoni wa sheria ya dini, mwaka 1989 walipitisha hivo hivo, ila mwenye viungo vilivyokamilika wakasema haramu, kwa aya ya 119 ya sura ya Nisaa, kubadili maumbo ya Allah. Mwaka mmoja kabla Mufti wa Misri, Tantawi, alishasema inafaa kudhihirisha kilichojificha mwilini lakini sio kwa kutamani tu. Kule Iran kiongozi wao wa Kishia, Khomeini, aliruhusu, na najua utaletewa hiyo fatwa, mi sio njia yangu, nafuata hao wengi na siwezi kukuhalalishia ili unipende.

Lakini wanaokutukana kwa hadithi ya kulaaniwa wanaume wanaojifananisha na wanawake, wengi wanaisomaga nusu. Imamu Nawawi kaeleza laana ni ya anayejitia kusudi, aliyeumbwa na mwendo na sauti hiyo bila kujilazimisha hana lawama. Kilichomo moyoni mwako mi sikioni, na jirani yako naye hakioni.

Kwaiyo kabla ya kisu mwambie daktari akupime kromosomu na picha za ndani, maana ikionekana kuna uhuntha uliojificha hukumu yenyewe inabadilika. Na akueleze bila haya: korodani zikitoka uzazi umekwisha, huo uke wanautengeneza mara nyingi kwa ngozi ya uume na utabaki unajipanua na vifaa miaka na miaka, ukizembea unajibana. Hakuna kurudi hapo. Usisaini mwaka huu ambao mama kakukatia simu, mtu mwenye kidonda hapimi vizuri. Na moyo ukikwambia bora ufe nenda hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri jibu la shekhe.

Mama nilimfata Kibirizi, nikamkuta anageuza dagaa mchangani. Nikamwambia kukata udugu nako ni dhambi, hakunijibu, akaendelea kugeuza. Simu yake ikaita, akaitazama mpaka ikanyamaza, akaifunga tena kwenye pindo la kanga. Hakuizima. Alhamisi baada ya alasiri narudi.