Saa ya LED ya miaka ya 70 inafifia ukibonyeza kitufe: anza na njia ya umeme, chipu baadaye

Mkuu, umeeleza kwamba saa yako ya taa nyekundu imewekwa betri mbili mpya, ukibonyeza kitufe namba zinatokea hafifu halafu saa inaanza upya, na tarakimu ya mwisho ya dakika inakosa kijiti kimoja, yaani kimoja kati ya vistari vya mwanga vinavyounda namba. Fundi amekwambia chipu imekufa. Kwa dalili hizo, chipu ni ya mwisho kushukiwa. Chipu iliyokufa kwa kawaida haianzi upya, inanyamaza. Hapa una matatizo mawili tofauti, na usiyachanganye.

Tuanze na kufifia. Saa ya LED (vitaa vidogo vinavyounda namba) ikiwa imezima hutumia maikroampia chache tu, lakini namba zikiwaka hunywa miliampia 30 au zaidi. Ndiyo maana zina kitufe: hata Pulsar ya Hamilton, iliyoingia sokoni Aprili 1972 kwa dola 2,100, ilibidi uibonyeze ndipo uone saa. Betri ya SR44, yaani ya oksidi ya fedha yenye umbo la 357, ina takriban miliampia-saa 160, kwa hiyo kitufe kikikwama ndani, kwa saa tano hivi betri imekwisha. Umeme ukipita kwenye mguso (pale betri inapogusana na springi au pedi) wenye kutu ya omu 10 tu, miliampia 30 zinapoteza pale voltiji 0.3, na saa ina voltiji 3 kwa jumla. Upungufu huo ukizidi, chipu inaona umeme umekatika, inaanza upya.

Angalia kwanza betri zenyewe. Zilizoandikwa LR44, AG13 au A76 ni alkalini. Zinaingia vizuri, lakini hazihimili mzigo huu. Unataka oksidi ya fedha, na hata hapo kuna mtego: 357 ni ya mzigo mkubwa, 303 ni ya mzigo mdogo, na zote zina umbo moja. Chukua 357. Kama saa yako inatumia betri nyembamba zaidi, ya kununua ni 386, usichukue 301. Pima unene kabla ya kwenda Kariakoo: 357 ina milimita 5.4, 386 ina 4.2, na upana ni uleule 11.6. Ukiweka nyembamba mahali pa nene, springi haigusi sawasawa, na dalili yake ni hiyohiyo unayoiona.

Kwa kuwa betri nyingi mtaani zimekaa juani kwenye vibanda, nenda na multimita na resista ya omu 47. Betri ya fedha iliyo nzima, bila mzigo, inasoma voltiji 1.55. Iunganishe na hiyo resista kwa sekunde tano huku unapima. Ikishuka chini ya 1.3, mrudishie mwenyewe. Usikubali kabisa mtu akuuzie betri za lithiamu za voltiji 3 kila moja, maana mbili zinafanya 6 na hapo chipu inakufa kweli.

Betri zikiwa nzima, toa moduli (bodi yenye chipu na namba) kwenye kasha. Bodi nyingi za enzi zile ni za kauri, kwa hiyo usiitekenye na bisibisi pembeni, inapasuka kama kigae. Sukuma kwa kijiti cha mti kutoka upande wa kioo. Saa nyingi hutumia kasha lenyewe kama waya, hivyo nje ya kasha kitufe hakifanyi kazi. Gusanisha springi ya kitufe na pedi yake kwa kibano. Sasa pima mara mbili namba zikiwa zinawaka: kwanza juu ya betri zenyewe, kisha kwenye pedi za bodi. Betri zikisoma 2.8 na bodi 2.4, kosa liko kwenye mguso. Zote zikisoma chini ya 2.5, kosa ni betri, au kuna kitu kinakula umeme kupita kiasi.

Kwa hewa yetu ya bahari, mguso ndio huongoza kwa lawama. Betri ikivuja hutoa alkali, ikikauka inakuwa unga mweupe, na kwenye shaba inageuka kijani. Chovya pamba ya masikio kwenye siki nyeupe, pakaza palipoharibika tu, subiri dakika mbili. Suuza na maji safi ya kuongezea betri za gari, lakini soma chupa vizuri, kwa sababu asidi nayo huitwa maji ya betri. Malizia na spiriti ya aisopropili ya asilimia 99, kisha iache ikauke saa mbili karibu na taa. Springi zisugue kwa raba ya kufutia penseli. Msasa unaondoa mchovyo wa dhahabu au nikeli, na masika yakija kutu inarudi kwa kasi kuliko mwanzo. Springi iliyolala iinue kidogo, nusu milimita inatosha.

Usisahau karatasi ya plastiki iliyo chini ya mfuniko wa nyuma. Ikipotea, mfuniko unaweza kupiga shoti betri zote mbili. Kipande cha tepu ya Kapton, isiyopitisha umeme, kinaitosha nafasi hiyo.

Sasa hicho kijiti kinachokosekana. Tarakimu haziwaki kwa pamoja, zinapokezana kwa kasi ambayo jicho haliioni. Waya moja inalisha kijiti kilekile kwenye tarakimu zote, na waya nyingine inachagua tarakimu. Ndiyo maana namna ya kukosekana inakwambia kosa lilipo. Kijiti kilekile kikikosekana kwenye tarakimu zote, kosa liko kwenye laini ya kijiti: solda iliyopasuka, transista, au chipu. Tarakimu nzima ikizima, ni laini ya tarakimu. Kijiti kimoja kwenye tarakimu moja tu, kama chako, ni LED yenyewe au ule uzi mwembamba kuliko unywele unaoishika. Uzi huo uko chini ya lenzi au gundi ngumu. Kuthibitisha, toa betri, weka multimita kwenye alama ya kupimia diodi, gusa laini ya kijiti na laini ya tarakimu gizani. LED nyekundu nzima inasoma karibu 1.6 na kung'aa kidogo. Isipong'aa, geuza ncha za mita ujaribu tena. Ikishindikana, mkuu, iache hivyo. Kuchimba gundi kutaua tarakimu nzima kwa ajili ya kijiti kimoja, na saa bado inasomeka.

Dalili moja usiichezee: tarakimu moja ikiwaka kwa ukali sana huku nyingine zimezima, toa betri papo hapo. Maana yake kristali, kipande kinachotoa mapigo ya saa, imesimama, kupokezana kumekoma, na tarakimu ile inaunguzwa. Nyingi zina kristali ya hezi 32,768, sawa na ile unayoweza kuitoa kwenye saa ya ukutani iliyokufa, silinda ndogo ya rangi ya fedha. Kuibadilisha, weka chuma cha solda nyuzi 320, sekunde mbili au tatu kwa kila mguu, huku umeushika kwa kibano ili joto lisipande kwenye kristali. Gusa bomba au chuma kilichofika ardhini kabla ya kushika bodi, hasa chumba chenye kiyoyozi, chipu za enzi zile zinauawa na umeme tuli.

Baada ya hapo saa inaweza kukimbia au kuchelewa. Weka alama ya kalamu kwenye kapasita ya kurekebisha (ile yenye kichwa cha kuzungusha kinachobadili kasi ya saa) kabla ya kuizungusha, tumia kijiti cha plastiki, sogeza kidogo sana, linganisha na simu baada ya saa 24.

Na kama ni Pulsar ya mwanzo na imegoma kurekebishwa muda, usiibomoe. Inawekwa kwa sumaku ndogo iliyokuwa ikihifadhiwa kwenye kifungo cha mkanda. Tafuta kipande cha sumaku, kiweke kwenye vishimo viwili vya nyuma, kimoja cha masaa, kingine cha dakika.

Kwa sasa pima namba tatu: betri bila mzigo, betri zikiwa na mzigo, na pedi za bodi zikiwa na mzigo. Ziandike hapa pamoja na picha ya nyuma ya moduli.