Kabla hujaikata alamu ya pikipiki, utafute waya huu mmoja

Mteremko wa Kiwira, ukitokea Uyole, Mbeya, kwenda Tukuyu, ndipo pikipiki iliponizimikia nikiwa kwenye mwendo. Indiketa zote zilipepesa mara mbili, injini ikakata, na nyuma yangu kulikuwa na lori la kwenda Kasumulu linapiga honi mfululizo. Nilibana klachi, nikaiacha iserereke hadi pembeni ya lami, boksi la dawa za mifugo likiwa limenilalia mgongoni. Lori lilipita karibu kiasi kwamba upepo wake ulinitikisa.

Dalili zilikuwepo tangu mvua zianze. Alamu ilikuwa inalia saa nane usiku bila mtu kuigusa, majirani wanaamka, mimi nabonyeza rimoti narudi kulala. Asubuhi stata haina nguvu, napiga kiki hadi jasho linitoke. Nikanunua betri mpya, nayo ikafa vilevile. Nawaambieni wenzangu mnaoendesha kila siku: alamu za siku hizi hazipigi kelele tu, zimeunganishwa na moto wa injini. Ikianza kuharibika, inaweza kukuzimia pikipiki popote inapotaka yenyewe. Usiisubiri ikufikishe kwenye mteremko.

Kabla ya kuitoa, hakikisha kwanza mkosaji ni yeye. Zima pikipiki, toa ufunguo, fungua waya wa hasi kwenye betri. Chukua mita, iweke kwenye ampea, tundu la 10A, kisha gusisha ncha moja kwenye nguzo ya hasi ya betri na nyingine kwenye ule waya ulioufungua. Usiwashe ufunguo wala kubonyeza stata wakati mita iko hapo, utaunguza fyuzi yake. Yangu ilisoma 0.09, yaani miliampea 90, pikipiki ikiwa imelala. Betri yangu ni ya 5Ah, yaani inaweza kutoa ampea moja kwa saa tano. Piga hesabu: 5 gawa kwa 0.09 ni saa 55 na ushee. Siku mbili na robo, betri mpya imekauka bila pikipiki kutoka uani. Nilipochomoa soketi ya alamu, mita ikarudi sifuri.

Nikafurahi, nikarudisha betri, nikawasha. Kimya. Taa zinawaka, stata inazungusha injini, lakini haishiki.

Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Kijana wa gereji niliyempelekea alishaishika plaizi.

"Dada, nipe dakika tano nizikate zote, tunafunga tepu, unaenda zako."

"Mdogo wangu, weka plaizi chini kwanza. Tuzifuate hizi nyaya nene mbili tuone zinakokwenda."

Tukafungua siti, tukafunga koki ya mafuta, tukalegeza tangi na kulinyanyua. Chini yake kulikuwa na fundo la tepu nyeusi iliyoyeyuka kwa joto la injini, inanata kwenye vidole kama utomvu wa ndizi. Tulipoibandua tukauona ukweli. Fundi aliyefunga alamu alikuwa ameukata waya unaotoka kwenye swichi ya ufunguo kwenda CDI (kiboksi kinachopeleka moto wa plagi), kisha kila kipande akakisokota na waya mmoja mnene wa alamu. Kwa hiyo moto wa CDI ulikuwa unaingia kwanza ndani ya kiboksi cha alamu, unapita kwenye rilei (swichi inayofunguka na kufunga kwa umeme), ndipo unatoka kwenda kazini. Ukichomoa alamu, umelikata daraja lenyewe. Pikipiki haiwezi kuwaka hadi vile vipande viwili vikutanishwe tena.

Usibahatishe vipande kwa rangi. Nyaya za alamu hutofautiana rangi kutoka boksi moja hadi jingine, na mafundi wengine wanaongezea kipande chochote walichonacho. Soketi ikiwa imechomolewa, washa ufunguo na upime kila kipande kwa mita, sasa ikiwa kwenye volti na si ampea, ncha nyeusi ikiwa kwenye bodi. Kimoja kitasoma kama 12V, hicho ndicho kinachotoka kwenye swichi. Kingine kitasoma sifuri, nacho ukikifuata kwa mkono lazima kikufikishe kwenye CDI. Ukishaelewa, zima ufunguo, fungua betri, hasi kwanza halafu chanya, na piga picha kwa simu kabla hujagusa kingine.

Kuna pikipiki nyingi za Kichina ambazo mambo yake ni kinyume. Zile CDI yake haitegemei moto wa betri, ufunguo unazima injini kwa kuupeleka waya fulani wa CDI kwenye ethi, yaani bodi ya pikipiki. Alamu yake nayo inafanya hivyohivyo: imegandamia huo waya, na ikitaka kuzima inaugusisha kwenye bodi. Pale hakuna cha kuunganisha. Unaondoa waya wa alamu, unafunika jeraha, basi. Ukienda kuupa moto wa betri unaweza kuunguza CDI, na hapo gharama ni nyingine kabisa.

Kuunganisha kwenyewe kusiwe kusokota na kufunga tepu, maana ndiko kulikonifikisha Kiwira. Menya kila waya kama sentimita moja na nusu, visha ule mpira unaosinyaa kwa joto kabla ya kusokota (ukisahau itabidi ufungue tena), sokota, choma kwa risasi, subiri ipoe, vuta mpira juu yake na uupashe moto wa kiberiti kwa mbali. Gereji yetu haikuwa na chuma cha kuchomea. Nilisukuma pikipiki hadi kwa fundi redio wa jirani, akaifanya kwa dakika chache.

Nyaya nyembamba zilizobaki zitoe zote kwenye mizizi yake. Za indiketa zimemenywa katikati ili alamu ijipachike, zifunike vizuri maana maji yakiingia shaba inaota kutu ya kijani. Ule wa moto unaotoka betri moja kwa moja usiuache hata kidogo. Wangu ulikuwa umeungwa kabla ya fyuzi, kwa hiyo ungechubuka kwenye fremu, hakuna ambacho kingeukatiza kabla haujawaka, na tangi la petroli liko hapohapo juu.

Ukirudisha betri, sasa chanya kwanza, washa injini uiache ikiunguruma taratibu, halafu zungusha usukani kushoto hadi mwisho na kulia hadi mwisho. Ikisita, kuna muungano umelegea. Jaribu taa, honi, breki na indiketa zote nne. Pima betri injini ikiwa na mwendo kidogo: yangu ilisoma volti 14.1, na mahali popote kati ya 13.5 na 14.5 ni pazuri.

Nyumbani nilikifungua kile kiboksi cha alamu kwa bisibisi. Ndani kulikuwa na tone la maji limekaa pembeni, saketi imeota ukungu wa kijani, na miguu ya rilei imekuwa myeusi kwa kuungua. Nimeendesha miezi miwili maisha yangu yakipita kwenye hiyo rilei, kutoka Isongole hadi Masoko, kwenye mvua ya Rungwe mnayoijua.

Kwa sasa natumia mnyororo mnene na kufuli, nalaza pikipiki ndani. Nikiwa kwa wafugaji naipitisha minyororo kwenye fremu na mti au nguzo. Ukiipitisha kwenye ringi peke yake, mwizi anafungua gurudumu na kukuachia hilo.