Barua kwa mwanangu: shahidi aliye ndugu wa mshtakiwa

Mwanangu mpenzi,

Barua yako imefika na sisi hatujambo, isipokuwa goti la mama yako, ambalo habari zake unazijua. Umeniuliza kama Nick Carraway, yule anayesimulia riwaya ya Mmarekani F. Scott Fitzgerald, The Great Gatsby, ni mwongo, kwa sababu wenzako katika chama cha wasomaji wamegawanyika na zamu ya kuongoza mazungumzo imekuangukia wewe. Nitajibu, ila kuna jambo ambalo naona linalitangulia swali lako: huyu Nick ni nani kwa watu anaotusimulia habari zao? Daisy ni binamu yake wa mbali, na Tom Buchanan, mume wa Daisy, alisoma naye chuo kimoja. Hayo anayasema katika sura ya kwanza, kwa sentensi moja, kisha anatuacha tuyasahau.

Aliyelishika jambo hilo katika nyumba yetu ni mama yako. Ile miaka ya mgao wa umeme, wakati wewe ulikuwa ukipelekwa kulala mapema kwa nguvu, nilikuwa nikimsomea kitabu hiki kwa mwanga wa kandili huku yeye akichambua mchele wa kesho. Bado alikuwa karani wa Mahakama ya Mwanzo, amekwisha kuandika maelezo ya mashahidi wengi kuliko idadi ya wanafunzi niliowafundisha, na alikuwa na kawaida ya kunikatisha kwa kunyoosha mkono, kama alivyokukatisha wewe ulipoanza visingizio vya madaftari. Tulipofika mwisho wa sura ya tatu, Nick anapodai kwamba yeye ni miongoni mwa watu wachache waaminifu aliopata kuwajua, mkono ukanyooka. "Hebu rudi nyuma kidogo," akasema.

Nikarudi. Mistari michache tu kabla ya dai hilo, Nick anakiri kwamba kila wiki amekuwa akimwandikia barua msichana wa kwao na kuzitia sahihi kwa maneno ya mapenzi, ilhali anachokikumbuka kwake ni jasho lililokuwa likimtoka juu ya mdomo mfano wa masharubu alipocheza tenisi. Wakati huohuo anatembea na Jordan Baker, ambaye yeye mwenyewe anamwita mtu asiyeponyeka kwa hila, na ambaye alidaiwa kusogeza mpira katika mashindano ya gofu. Kosa hilo Nick analipuuza, eti hila za mwanamke si jambo la kulaumiwa sana. Baada ya yote hayo ndipo anapojitangaza kuwa mwaminifu. Mama yako alicheka mpaka mchele ukamwagika. "Mtu anayejisifia ukweli," akasema, "mwache aendelee kusema." Usemi huo niliuchukua ukawa wangu, na waliopita darasani kwangu wameusikia kuliko walivyotaka.

Hicho ndicho kinaya cha kitabu hiki, na uzuri wake ni kwamba Fitzgerald hatukonyezi. Ameviweka vitu viwili karibu karibu, barua za uongo na sifa ya ukweli, akaenda zake. Afanya hivyohivyo na ukoo wa akina Carraway, ambao wanajinasibisha na watawala wa Kiskoti, ingawa mwanzilishi wao halisi ni kaka wa babu yake Nick, aliyefika Marekani mwaka 1851, akampeleka mtu mwingine vitani kwa niaba yake, kisha akafungua biashara ya jumla ya vifaa vya chuma. Nick anayasimulia haya bila kucheka. Vilevile anaanza kwa wosia wa baba yake wa kutowahukumu watu upesi, na baada ya hapo hakuna anayesalimika katika hukumu zake. Mwache aendelee kusema.

Lakini kinachoniuma mimi kiko mwishoni. Unakumbuka kwamba Daisy ndiye aliyekuwa akiendesha gari la njano lililomuua Myrtle Wilson, hawara wa Tom, na kwamba Gatsby, tajiri mwenye gari hilo anayempenda Daisy, alimwambia Nick hivyo usiku uleule nje ya nyumba ya akina Buchanan, akaongeza kuwa yeye atasema ndiye aliyeendesha. Wilson, mume wa marehemu, akiamini kwamba Gatsby ndiye aliyemuua mkewe, akamuua Gatsby kisha akajiua. Uchunguzi wa vifo hivyo ulipofanyika, dada yake Myrtle aliapa kwamba marehemu hakuwahi kumwona Gatsby na kwamba aliishi kwa furaha kamili na mumewe. Nick alijua kuwa hicho ni kiapo cha uongo, kwani dada huyohuyo alikwisha kumweleza kwenye karamu kwamba Myrtle hamvumilii mumewe. Naye anakiitaje kitendo hicho? Anakisifia kuwa ni uthabiti wa tabia.

Hapo mama yako aliweka ungo chini. "Huyu ni ndugu wa mshtakiwa," akasema. "Ndiyo maana uongo huo umempendeza."

Nilijitetea, maana Nick nilikuwa nikimpenda na bado nampenda. Nilimwambia kwamba kitabu kizima ndicho ushahidi ambao Nick alishindwa kuutoa, kwa sababu ukweli ule aliomficha kila mtu ametuandikia sisi. Akaniuliza, "Na Wilson je? Si amezikwa na jina la kichaa?" Sikuwa na jibu. Mpaka leo nalitafuta nikiwa naoga.

Hata hivyo nisimwachie ushindi wote. Kila kitu tunachomhukumia Nick tumekipata kutoka kwake mwenyewe, na mwongo wa kawaida angezifuta zile barua za mapenzi na yale maneno ya kwenye karamu. Ndiye aliyehangaika kuwapigia watu simu wafike kwenye mazishi ya Gatsby wasifike. Ingawa, nikijibishana mwenyewe, anayekiri madogo huenda anatafuta kuaminiwa katika makubwa. Na mtu anayesema kwamba Gatsby hakumridhisha tangu mwanzo hadi mwisho, baada ya kutuambia katika kurasa za kwanza kwamba Gatsby pekee ndiye ambaye yeye Nick hamchukii, hajajielewa bado.

Kwa hiyo usiwafungulie wenzako mazungumzo kwa swali la uongo. Waulize ni nani aliyejua kwamba Daisy ndiye aliyeendesha, na kila aliyejua alimwambia nani. Wasome pale Nick anapokutana na Tom mjini New York mwezi Oktoba, anapokataa kumpa mkono. Tom anadai kuwa alimwambia Wilson ukweli kuhusu lile gari, na Nick anaona kwamba kauli pekee ya kumjibu ni kuwa huo si ukweli, naye hawezi kuitamka. Muda si muda anampa ule mkono aliomnyima.

Ukinibana sana nina neno la kumwita mtu wa namna hiyo. Nimeliandika hapa nikalifuta, kwa kuwa mama yako huzisoma barua hizi kabla sijazifunga, na angedai kwamba ameshinda.

Baba yako